Kikundi cha Familia, Pumwani: Nani Atamsomea Babu?

Jumapili

20:04 Zuhura: Hamjambo wote. Shangazi, Baba Mdogo, shikamooni. Ndiyo natoka kwa Babu. Presha ya macho imemzidi, gazeti hawezi tena hata kwa miwani. Anakaa na redio tu. Nataka kumwekea vitabu vya kusikiliza kwenye simu yake. Shangazi, wewe ndiye unayevijua, nianze na msomaji gani?

20:09 Shangazi Mwanaisha: Marahaba mwanangu, pole kwa mwendo. Nimependa ulivyouliza msomaji kwanza. Mwaka wa 4 huu nashona huku nasikiliza, sikio moja kwa kitabu, jingine kwa wateja. Kitabu kizuri kikipata msomaji mbaya sifiki nacho sura ya 2.

20:12 Shangazi Mwanaisha: Kuna kimoja nilinunua Ramadhani iliyopita, hadithi ya hapa hapa Kenya, msomaji wa ng'ambo. Akafika kwa Ng'ang'a, akasema "Naganaga". Mguu ukaacha kukanyaga cherehani. Nikadhani ulimi umeteleza. Sura nzima, Naganaga! Wanjiku naye akawa "Wanjaiku". Mtu amelipwa asome saa 10 na hakupiga hata simu moja kuuliza jina hutamkwaje. Nilihisi nimedharauliwa mimi, na mwenye kitabu pia. Sikukimaliza.

20:14 Salim: Lakini Shangazi, hadithi si unaielewa tu? Mimi kwenye matatu naweka kasi ya 1.5, majina hata siyashiki.

20:18 Shangazi Mwanaisha: Salim baba, unajinyima. Msomaji wa Kiingereza husoma kama maneno 150 kwa dakika, na kila tuo amelipima. Mtu kitabuni akiletewa habari ya msiba, msomaji mzuri hunyamaza kidogo kabla ya jibu. Ile kimya ndiyo inayonitoa machozi mimi na sindano mkononi. Wewe umeikata.

20:19 Rukia: Mimi wananikera wanaonong'ona mwisho wa sentensi. Naongeza sauti, halafu mtu anapiga kelele sikioni.

20:20 Shangazi Mwanaisha: Na wanaume wanaobana koo wakisoma maneno ya mwanamke! Mwanamke gani anaongea kama anafinywa? Mjuzi habadilishi koo, anabadilisha mwendo. Mama anayeharakisha, nyanya anayekokota maneno, basi, nishawajua.

20:22 Zuhura: Sasa nani amekukosha?

20:29 Shangazi Mwanaisha: Kama ni maisha ya mtu, asome mwenyewe. Trevor Noah kasoma Born a Crime kwa sauti yake. Akifika kwenye Kixhosa, ni Kixhosa cha mtu aliyelelewa nacho, na akimsema mama yake unasikia kabisa kwamba huyu ni mama yake. Michelle Obama kasoma Becoming, kama saa 19. Nilishonea sare zote za Januari, kutoka kola hadi vifungo. Kilipata Grammy mwaka 2020, na kilistahili. Lakini riwaya ni kazi nyingine, mwandishi anaweza kuwa bingwa wa kuandika na asijue kusoma kwa sauti. Americanah ya Chimamanda wamempa Adjoa Andoh. Yule mama ana mtaa mzima kooni. Mnigeria wa Lagos, Mnigeria aliyekaa Marekani mpaka ulimi ukageuka, Mwingereza, wote unawatambua kabla hawajatajwa.

20:30 Rukia: Si ndiye Lady Danbury wa tamthilia ya Bridgerton?

20:30 Shangazi Mwanaisha: Ndiye huyo.

20:33 Zuhura: Shida ni kwamba Babu hataki Kiingereza. Anataka Kiswahili cha kukaa nacho jioni.

20:37 Shangazi Mwanaisha: Hapo ndipo panaponiuma. Vya Kiswahili navipata kwa kubahatisha, na vingi nilivyopata vimesomwa kama taarifa ya habari. Mtu anatangaza kifo cha mhusika kwa sauti ile ile aliyotangazia mvua.

20:40 Salim: Naweza kupiga picha kurasa, mashine isome. Hata Apple tangu 2023 wana vitabu vinavyosomwa na sauti za mashine. Bei rahisi na haichoki.

20:45 Shangazi Mwanaisha: Ulinisikilizisha moja, unakumbuka? Palikuwa na fundi "aliyeishona kanzu barabara". Mashine ikasoma barabara ya magari. Neno limeandikwa vile vile, lakini ukilikazia pale "ra" ya kwanza ni kazi iliyonyooka, ukilikazia "ba" ya pili unamvusha mtu Jogoo Road. Mtoto wa hapa Pumwani halikosei hilo. Kwa Babu, ambaye sasa maneno ndiyo macho yake, sitaki mashine.

20:46 Salim: Nimekubali hilo la barabara.

20:53 Baba Mdogo Hamisi: Nimewasoma nyote. Mimi vitabu vya simu sivijui, najua redio. Mtangazaji Leonard Mambo Mbotela alianza kipindi cha "Je, Huu ni Ungwana?" mwaka 1966, na mpaka anafariki Februari 2025 sikuwahi kumsikia akinifokea. Anakusema ubaya wako wote na bado unavuta kiti karibu. Tarehe 1 Agosti 1982, Jumapili asubuhi, waasi walipomlazimisha kusoma tangazo lao la mapinduzi, Babu yenu alipunguza redio akasema, "Huyu leo hasomi kwa hiari." Alijua kwa pumzi tu. Mzee mwenye sikio hilo msimpe sauti ovyo.

20:55 Shangazi Mwanaisha: Hamisi, hata mimi naikumbuka asubuhi ile. Mama alitufungia ndani.

20:58 Zuhura: Hivi vitabu vya kusikiliza vyenyewe vilianza kwa ajili ya watu kama Babu. Uingereza 1935, kwenye santuri, na miongoni mwa waliolengwa ni wanajeshi waliopofuka kwenye vita vya kwanza. Vya mwanzo vilikuwa cha Agatha Christie na cha Joseph Conrad.

21:01 Baba Mdogo Hamisi: Basi tusome wenyewe. Ana Utubora Mkulima ya Shaaban Robert, ile iliyotoka jalada, ipo juu ya kabati. Alikuwa akitusomea sisi. Kisheria hakuna tatizo?

21:05 Zuhura: Shaaban Robert alifariki 1962, muda wa hakimiliki yake umeshapita. Na hata kwa vitabu vipya, Mkataba wa Marrakesh wa 2013, ule wa vitabu kwa wasioona, ambao Kenya iliingia 2017, unamtambua hata anayemtunza asiyeona amtengenezee nakala ya kutumia mwenyewe. Rekodi zibaki humu humu, msizisambaze.

21:08 Shangazi Mwanaisha: Alhamdulillahi. Sikilizeni basi. Soma ukurasa kimoyomoyo kwanza, ujue sentensi inaishia wapi. Kunywa maji. Zima feni. Jifunike blanketi, chumba kisivume. Simu isikae mbele ya mdomo, iweke pembeni kidogo, la sivyo kila "p" itampiga Babu sikioni. Ukikosea, rudia sentensi nzima, usirudie neno. Na msiigize sana. Mfikirieni amekaa hapo mbele yenu.

21:09 Rukia: Nani anaanza? Mimi niko zamu ya usiku.

21:10 Salim: Kitabu kiko hapa kwetu. Naanza mimi.

21:36 Salim: Ujumbe wa sauti (6:51)

21:37 Salim: Kurasa 3 za mwanzo. Zuhura mpelekee mlangoni tafadhali, simu yake haifungui hizi.

21:58 Zuhura: Amesikiliza akiwa amefumba macho. Naandika maneno yake kama alivyosema: "Huyu kijana ana sauti ya baba yake. Mwambieni amenipita kwenye nukta 4. Na pale mwanzo wa ukurasa wa pili amekimbia, pana koma. Aanze tena."

21:59 Shangazi Mwanaisha: Ukurasa anaukumbuka mpaka koma!

22:00 Salim: Naanza tena.

22:31 Salim: Ujumbe wa sauti (9:40)

22:31 Salim: Kurasa zile zile 3.