Gumzo la kikundi: Spika za Mtaa, Tandika

JUMATANO

Mama Zuhura, saa 1:12 jioni
Assalaam aleikum majirani. Makabati yetu mawili ya spika yamekauka gundi na yamesimama sebuleni kwangu, na zimebaki siku kumi tu kabla ya maulidi. Kinachokosekana ni terminali nne za nyuma, nyekundu mbili na nyeusi mbili, za kufungia waya unaotoka kwenye amplifaya. Naomba kila mmoja aseme leo, si kesho: tununue za aina gani, na nani atakwenda Kariakoo Jumamosi?

Mama Zuhura, saa 1:47 jioni
Naona wengi mmesoma na hakuna aliyejibu.

Kaka Idi, saa 2:20 usiku
Waaleikum salaam Mama Zuhura, uniwie radhi, nilikuwa ndani ya daladala kutoka Mbagala. Mimi naomba tusirudie zile za kubana kwa springi, kwa sababu kijibati chake ni chembamba na waya wa milimita mraba 2.5 huingia kwa kulazimishwa. Kila kabati lina spika mbili za omu 8 zilizofungwa sambamba, kwa hiyo amplifaya inaona omu 4, na ikitoa wati 200 waya unapitisha karibu ampea 7. Mguso ukilegea na kuongeza ukinzani wa nusu omu tu, pale pale panazaliwa joto la wati 20 hivi, ambalo halipishani sana na la chuma kidogo cha kulehemu, na plastiki haiwezi kulivumilia. Tutafute za kukaza kwa skrubu, zenye mwili wa shaba.

Juma wa Kona, saa 2:26 usiku
Ziko zilizopakwa dhahabu. Tukizipata hizo, Mama Zuhura atazivaa masikioni siku ya maulidi, na spika tutazifungia kamba.

Dada Rehema, saa 2:27 usiku
😂😂 Na mkufu wake uwe waya wa 2.5.

Mama Zuhura, saa 2:31 usiku
Wanangu, nimewasikia, lakini makabati bado hayana terminali. Idi, hiyo dhahabu ina faida yoyote, au ni bei tu?

Kaka Idi, saa 2:39 usiku
Dhahabu haishiki kutu, na kwa hewa yetu ya chumvi hilo si jambo dogo. Lakini ni ngozi nyembamba mno, na chini yake panaweza kuwa chuma kitupu. Tuchukue sumaku ya ile spika iliyoungua, tuisogeze kwenye terminali pale pale dukani: ikivutwa kwa nguvu, ni chuma, tuiache. Shaba haivutwi. Tena tuhakikishe tundu lake linapokea waya mnene, hata wa 4, bila kukata nyuzi pembeni ili uingie.

Dada Rehema, saa 2:44 usiku
Mimi naunga mkono sumaku, na laiti ingekuwapo ile mara ya kwanza. Zile zilizoyeyuka usiku wa harusi ya kwa Bi Mwanahawa, waya mwekundu ukagusa mweusi na amplifaya ikafa watu wakiwa uwanjani, alinunua Shomari kwa fedha zetu, na risiti hatujaiona mpaka leo.

Mama Zuhura, saa 2:46 usiku
Rehema, hilo tulikwisha kulizungumza.

Dada Rehema, saa 2:46 usiku
Tulilizungumza, Mama, lakini hatukulimaliza.

Babu Mwinyi, saa 3:15 usiku
Nimesoma yote. Shomari alitumwa na sisi sote, na hakuna hata mmoja wetu aliyemwambia anunue nini, kwa hiyo kosa lile ni letu. Sitaki nilisikie tena humu.
Kuhusu terminali, nyingi za dukani zimetengenezwa kwa bamba jembamba, nanyi plaiwudi yenu ina unene wa milimita 18, kwa hiyo nati haitafika upande wa pili. Mtatoboa dirisha dogo na kuweka bamba la plastiki, kamwe lisiwe la bati, kwani bati likigusana na nguzo zote mbili mtaua amplifaya nyingine. Kama fedha ni chache, nendeni Gerezani mkatafute bolti za shaba za milimita 6, zenye urefu wa 50, na kila bolti iwe na nati tatu na washa. Bolti hizo zinapita kwenye mbao yenyewe, waya wa ndani unalehemiwa kwenye lagi, yaani kijibati chenye tundu kinachovaa bolti, na nje mnakaza kwa mkono na spana. Zizibeni pembeni kwa silikoni ili upepo usivuje kabatini, na mziache mbalimbali, upana wa vidole vitatu.

Kaka Idi, saa 3:22 usiku
Shikamoo Babu. Nimekuelewa.

Mama Zuhura, saa 3:30 usiku
Ahsante sana Babu. Basi ni bolti za shaba, isipokuwa mwenye pingamizi aseme. Mchango ni elfu tano kila nyumba, na hadi sasa nimepokea kwa nyumba nne.

ALHAMISI

Shomari, saa 5:08 asubuhi
Shikamoo Babu, na nawasalimu wote. Nilisoma tangu jana nikakosa la kusema. Risiti ipo, nitaipeleka kwa Mama Zuhura. Gerezani niko tayari kwenda, ila safari hii sitakwenda peke yangu. Idi aje na sumaku yake, tuchague pamoja.

Mama Zuhura, saa 5:11 asubuhi
Ahsante mwanangu. Idi, Jumamosi una nafasi?

Juma wa Kona, saa 7:40 mchana
Jumamosi Idi yuko zamu hadi jioni, aliniambia mwenyewe.

Mama Zuhura, saa 7:42 mchana
Basi Idi aipitishe sumaku hapa kwangu kesho usiku. Na zile nyumba ambazo hazijachanga, nawasubiri.