Chai ya maziwa ya viungo nyumbani: tupeane uzoefu, ya sifa na ya aibu

Mkaazi wa Chumbageni
Wadau, salaam. Jirani yangu alfajiri kabandika sufuria, harufu ya iliki imevuka ukuta ikaingia mpaka chumbani, usingizi ukaishia hapo. Nikaikumbuka chai ya bibi mzaa mama, ile ya viungo vya kutwangwa kwenye kinu, siyo vya kikopo. Naipika kama alivyokuwa akiipika, inanywewa, lakini siyo ile. Haya, tupeane uzoefu: wewe unaipikaje, na kama iliwahi kuleta kizaazaa kwenu sema tu, hapa hakuna anayekujua.

Mama Wawili
Iliki itwange na maganda yake. Ukitia mbegu peke yake, harufu nyingine umeitupa jaani.

Fundi Sufuria
Maganda yanatia uchungu. Mbegu tu.

Mama Wawili
Uchungu unatoka kwenye majani uliyoyachemsha mpaka yakaomba msamaha. Usiyasingizie maganda.

Mchagga wa Mjini
Mmenikumbusha kesi ya muuza maziwa. Kwetu Moshi maziwa yalikuwa yanaletwa asubuhi na kijana mmoja wa baiskeli, madumu mawili nyuma. Mama alikuwa amehamia kwenye chai ya tangawizi baada ya kuugua kifua, na kila akipika, maziwa yanakatika. Unaona kabisa yanajitenga, mabonge meupe juu, maji ya kijanijani chini. Mama akaapa kijana anachanganya maziwa ya jana na ya leo. Akaanza kumkata hela. Kijana analia, anasema mama mbona wateja wengine hawalalamiki. Jirani naye akadakia, akasema huyu anatia maji ya mtoni.

Siku moja kijana akasema basi leo naingia jikoni kwako. Akamimina maziwa yake kwenye sufuria safi, akayachemsha mbele yetu wote na jirani yumo. Yakapanda, akayashusha, yakapanda tena. Safi kabisa, malai juu kama shuka. Akamwambia mama, sasa pika chai yako kama kawaida. Mama akachukua maziwa mengine mabichi kwenye dumu lile lile, akatia na tangawizi mbichi iliyopondwa, akawasha moto mdogo. Hata hayajachemka, yakakatika. Kijana hakusema kitu. Alisimama tu anaiangalia ile sufuria, halafu akamwangalia mama. Hela zake alirudishiwa zote pamoja na mkungu wa ndizi.

Chugastan
Hahaha mkungu wa ndizi! Haki imetendeka.

Mtu wa Maabara
Kijana alikuwa sahihi. Tangawizi mbichi ina kimeng'enya kinachokata protini ya maziwa, ndiyo maana yanaganda. Joto kali linakiua. Kwa hiyo tangawizi ianze na maji, ichemke dakika kama tano mpaka maji yageuke manjano na pua ikuambie, ndipo maziwa yaingie. Kimeng'enya kinafanya kazi vizuri zaidi maziwa yakiwa moto wa wastani, kwa hiyo huo "moto mdogo" wa mama ndiyo uliomponza.

Fundi Sufuria
Si kweli. Mimi natia tangawizi na maziwa kwa pamoja tangu nioe, hayajawahi kukatika.

Mtu wa Maabara
Mbichi au ya unga?

Fundi Sufuria
Ya unga.

Mtu wa Maabara
Basi tumemaliza. Iliyokaushwa nguvu hiyo imeshapungua sana.

Kariakoo–Guangzhou
Huko China, mkoa wa Guangdong, wanayagandisha makusudi. Wanakamua maji ya tangawizi bakulini, wanamimina juu maziwa ya moto yenye sukari, wanaacha dakika chache bila kutikisa, yanakuwa laini wanakula kwa kijiko. Mara ya kwanza kuletewa nilidhani mwenye mgahawa ananiuzia maziwa yaliyoharibika, nikataka kurudisha. Tamu kweli.

Mchagga wa Mjini
Kumbe mama alikuwa anapika cha Kichina bila kujua.

Njeri wa Nakuru
Niwaulize ndugu zangu wa Bongo, mbona mnapika chai kwa hatua kama mnajenga nyumba? Sisi huku maji, maziwa na majani vyote vinaingia pamoja, nusu kwa nusu, vinachemka, vinapanda, unashusha moto, vinapanda tena, unachuja. Tangawizi ndiyo inatangulia, hiyo nakubali. Na majani yawe ya kutosha, sio hiyo rangi ya maji ya mvua niliyopewa Dar.

Mama Wawili
Na sisi tukija kwenu tunapewa maziwa yaliyopakwa rangi, chai yenyewe haionekani.

Njeri wa Nakuru
Hiyo ndiyo heshima ya mgeni, dada. Maziwa mengi. Mgeni hapewi sturungi.

Mnyalukolo
Hamuwezi kugombea majani mbele yetu tunaoyachuma. Mufindi hapa. Majani mengi ya kwetu na ya Kenya ni yale ya punje yaliyosagwa kwa mashine, yanatoa rangi upesi sana. Dakika mbili tatu zinatosha. Ukiyaacha yachemke nusu saa unatoa ukakasi tu, halafu unaongeza sukari kuuficha. Hapo ndipo mnapoanzia kulaumiana.

Fundi Sufuria
Kwa hiyo maganda hayahusiki?

Mnyalukolo
Kaka, na wewe achana na maganda.

Bint Mrima, Muscat
Huku Oman tunakunywa karaki. Majani yanachemshwa sana, iliki kwa wingi, maziwa ya kopo yale mazito, sukari ya kutosha, wengine wanaongeza zafarani. Jioni unaenda na gari, unapiga honi nje ya kibanda, kijana analeta kikombe cha karatasi mpaka dirishani. Imeletwa na watu wa Bara Hindi waliokuja kufanya kazi, sasa ni ya kila mtu. Bibi yangu mzaliwa wa Unguja anainywa kila siku na kila siku anasema hiyo siyo chai, ni uji. Nyumbani kwake ni maziwa freshi, mdalasini wa kijiti, na karafuu moja. Moja tu, anaihesabu.

Mwana wa Kaka Mkubwa
Hiyo karafuu moja anayoihesabu bibi yako imenigusa pabaya. Ngoja niwape ya posa ya kaka yangu, na msinikatize.

Tulitoka Dar familia nzima kwenda Pangani. Mshenga wetu ni baba mdogo, mtu wa maneno, akianza kuongea hata redio inazimwa. Tumefika, tumepokelewa vizuri, mkeka umetandikwa, wazee wao upande huu, sisi upande huu. Ikaja chai ya maziwa kwenye birika kubwa na mkate wa kumimina. Harufu yake, jamani! Kila mtu anasifia. Baba mdogo akanywa kikombe cha kwanza, akaongezewa cha pili, akakohoa, akaanza: "Tumekuja kwenye bustani yenu, tumeona ua..." Ikatoka "thumekuja kwenye buthani". Akanyamaza. Akajipapasa mdomo. Akarudia. Ikawa mbaya zaidi.

Mimi na wifi yangu tukaanza kucheka, shangazi akatufinya. Lakini na shangazi mwenyewe akitaka kutukemea, ulimi hauko. Mzee wa upande wao akasimama kujibu, na yeye hivyo hivyo, anaongea kama ametoka kung'olewa jino. Midomo imekufa ganzi chumba kizima! Wamefika kwenye mahari, mzee wao anataja laki tano, baba mdogo anasikia laki tatu, anasema haraka haraka "thumekubali", upande wetu tunapiga makofi. Mzee anakataa kwa mikono. Anaonyesha vidole vitano. Baba mdogo anadhani anapungiwa mkono, na yeye anapunga.

Hapo ndipo mjomba wetu mmoja, mtu wa wasiwasi siku zote, akasukuma kikombe akasema hawa wametuwekea kitu. Ukumbi kimya. Wanawake wa kule ndani wakatoka. Maneno yakaanza kuruka, nusu hayaeleweki, lakini hasira zinaeleweka. Pilau iko tayari na hakuna anayesogea.

Chugastan
Endelea!!!

Mama Wawili
Nimeacha vyombo kwenye beseni. Endelea.

Njeri wa Nakuru
Mlipewa bibi ama hamkupewa?

Fundi Sufuria
Wameanza mambo yao ya Pwani. Hiyo ni dawa.

Bint Mrima, Muscat
Dawa ya nini wewe? Mtu akipika kwa mapenzi Pwani mnasema dawa. Acha adabu mbovu.

Fundi Sufuria
Nimetania.

Bint Mrima, Muscat
Katanie kwenu.

Daktari Meno
Sijui mwisho wake lakini ninajua kilichotokea. Hiyo ni karafuu. Mafuta yake yana eujenoli, inatia ganzi, sisi tunaitumia kazini. Watu wa zamani walikuwa wanabana karafuu kwenye jino bovu kwa sababu hiyo hiyo.

Mwana wa Kaka Mkubwa
Daktari umepiga penyewe. Nilikuwa napeleka mtoto madrasa, samahanini.

Akatoka bibi wa binti, mfupi, kajifunga khanga mbili. Akauliza nani kapika chai. Wakamtaja mke wa mjomba wa binti. Akaagiza kikopo cha masala kiletwe. Kikopo kimeandikwa masala ya chai, ndani karafuu tupu iliyosagwa, imetumwa kutoka Pemba na ndugu yao, mtu kaihifadhi kwenye kikopo kitupu alichokiona. Mpishi kapakua kwa kijiko cha mezani kama anavyopakua masala siku zote. Bibi akanusa, akasema, "Wajinga nyie, hii ya meno!" Halafu ili kumaliza maneno ya sumu, akajimiminia kikombe kilichojaa, akanywa chote tumemkodolea macho. Akasimama atusomee. Alifika sentensi ya pili, na yeye ulimi ukalala.

Mjomba wetu mwenye wasiwasi ndiye aliyeanza kucheka. Ikaletwa kalamu na karatasi, mahari ikajadiliwa kwa kuandikiana. Laki nne. Kaka na shemeji wana watoto watatu sasa.

Chugastan
Mahari ya kuandikiana nimelala chini.

Njeri wa Nakuru
Mngeng'ang'ania hapo kwa laki tatu. Yalishakubalika, mashahidi wapo.

Mnyalukolo
Mashahidi wenyewe walikuwa hawawezi kutoa ushahidi.

Mama Wawili
Mimi nataka kujua mke wa mjomba alifanywaje.

Mwana wa Kaka Mkubwa
Kwenye shughuli zao siku hizi anapewa kazi ya kukata kachumbari.

Daktari Meno
Kwa sufuria ya lita mbili, karafuu mbili nzima, basi. Ya kusagwa, ncha ya kisu. Siyo kijiko.

Abdi wa Garissa
Kwetu karafuu tunatia zaidi ya hapo na tunaongea vizuri. Iliki, mdalasini, karafuu, tangawizi, vinatwangwa pamoja, maziwa ya ngamia. Yale yana kachumvi kidogo, sukari ndiyo inayaweka sawa. Mkipita Eastleigh jaribuni.

Daktari Meno
Mnachanganya na vingine, karafuu peke yake ndiyo iliyoleta kesi ile.

Muuguzi Zamu ya Usiku
Nisaidie kidogo kwa faida ya kinamama. Mjamzito, na mtu yeyote mwenye upungufu wa damu, usinywe chai pamoja na chakula. Majani ya chai yanazuia madini ya chuma yasifyonzwe vizuri, na vidonge vile vya kuongeza damu pia usivinywee chai. Pisha saa moja au mbili. Na wale wa maziwa ya madumu, chemsheni mpaka yapande kweli. Homa ya kutupa mimba ya ng'ombe inapita kwenye maziwa mabichi na mtu anaipata.

Fundi Sufuria
Chai bila kitafunwa ni adhabu, sista.

Muuguzi Zamu ya Usiku
Ukiwa mjamzito utanielewa.

Mkaazi wa Chumbageni
Jamani mada ilikuwa viungo. Mwenye vipimo vya uhakika?

Mama Wawili
Watu wanne: maji vikombe viwili, tangawizi ya ukubwa wa kidole gumba iliyopondwa na ganda lake, iliki tano, kijiti kifupi cha mdalasini, pilipili manga punje tatu. Funika ichemke. Majani vijiko viwili vidogo. Maziwa vikombe viwili, yapande mara moja, epua, funika tena kidogo kabla ya kuchuja. Sukari mwishoni.

Njeri wa Nakuru
Sukari iingie ikiwa jikoni. Ikitiwa mezani haikolei.

Muuguzi Zamu ya Usiku
Mezani, kila mtu na kijiko chake. Nyumba hizi zina wagonjwa wa sukari.

Mnyalukolo
Pilipili manga toa, weka mchaichai.

Bint Mrima, Muscat
Mchaichai kwenye chai ya rangi, siyo ya maziwa.

Mnyalukolo
Nani kasema?

Bint Mrima, Muscat
Bibi yangu.

Mnyalukolo
Huyo huyo anayekunywa uji kila siku?

Mzazi wa Kihonda
Nimechelewa, nimesoma posa peke yangu nimecheka mpaka mke kauliza naongea na nani. Swali: kuna mtu anauza iliki za Muheza, zile za kijani, kwa kilo? Hapa Morogoro nyingi ni nyeupe, zimekaa, ukitwanga hazinuki.

Mkaazi wa Chumbageni
Nenda sokoni Muheza mwenyewe, zinashuka kutoka Amani. Zichague kwa kupasua moja: mbegu ziwe nyeusi na zinanata. Zikiwa kavu za kahawia, mrudishie mwenyewe.

Fundi Sufuria
Na maganda?

Mama Wawili
Mungu wangu.