Maharage makavu ya kila siku: mkaa, presha au kikapu? Naomba ulinganisho wa wapishi wa Tanga

MamaWatatu_Makorora
Asalaam aleikum, na habari za jioni wapendwa. Nyumbani kwangu tuko watu sita, na maharage tunakula siku nne kwa wiki, nyingine tano. Wali maharage, ugali maharage, chapati maharage, Jumamosi makande. Sasa mkaa unanimaliza. Jana nimebandika sufuria saa nane mchana, nimepalia mara tatu, na saa moja usiku watoto wanakaa mkekani punje bado zina kiini. Ukibonyeza kwa ulimi ganda linateleza, ndani chaki tupu. Na niliyaloweka tangu usiku! Nilipoona yanachelewa nikaweka nyanya na ndimu mapema ili angalau yachukue ladha.

Nina pesa ya kununua chombo kimoja tu. Naomba mnilinganishie kwa haki: kubaki na sufuria na mkaa, kununua presha ya gesi, au kushona kile kikapu cha kutunza joto ambacho naona kina mama wanakisifia. Mwenye uzoefu aseme anatumia nini, muda gani, na ladha inakuwaje. Maji ninayopikia ni ya kisima cha jirani, yana chumvi kidogo ila tumeyazoea.

Msambaa_wa_Soni
Dada, pole. Kabla hujanunua chombo, nikuulize: hayo maharage yamekaa ghalani muda gani?

Mimi kwetu Soni, nimekulia kwenye shamba la maharage. Yaliyovunwa msimu huu, ukiyaloweka usiku, kwenye jiko la kuni ndani ya saa moja na nusu umeshayaunga. Yaliyovuka mwaka kwenye joto la mjini ni habari nyingine. Punje ikikaa miezi mingi penye joto na unyevu, ndani inakaza, na ikishakaza huwezi kuirudisha ilivyokuwa. Tanga mjini joto na unyevu havipungui. Gunia moja ukiligawa, nusu ikabaki Lushoto kwenye baridi na nusu ikashuka pwani, baada ya mwaka utadhani ni mbegu mbili tofauti.

Halafu nyanya na ndimu ndivyo vilivyokumalizia mkaa wako. Kitu chochote kichachu, iwe nyanya, ndimu, ukwaju au embe bichi, kinazuia punje kulainika. Kinaingia baada ya maharage kuiva kabisa, wakati wa kuunga. Ukikiweka mapema utachochea hadi alfajiri.

Presha_Chumbageni
Nakubaliana na Msambaa, lakini tusimwache dada na mkaa. Nimetumia presha miaka mingi na sirudi nyuma.

Sababu yake ni hii. Hapa pwani maji kwenye sufuria ya kawaida yanachemka kwenye nyuzi 100, na hata ukipalia mkaa hadi sufuria iwe nyekundu hayapandi zaidi ya hapo. Yanakauka haraka tu. Ndani ya presha yanafika karibu nyuzi 120, ndiyo maana punje zinasalimu amri. Maharage yaliyolowekwa mimi nahesabu dakika 15 tangu inapoanza kupiga mluzi, nazima, naiacha ishuke yenyewe. Yasiyolowekwa nahesabu 35 hadi 40. Mtungi mdogo wa kilo 6 unanisukuma vizuri kwa mapishi ya kila siku.

Masharti yake uyashike: usijaze zaidi ya nusu, kwa sababu maharage yanavimba na povu lake linaweza kuziba tundu la mvuke. Tia kijiko cha mafuta, povu linatulia. Angalia mpira wa mfuniko kila mara, ukianza kukakamaa badilisha. Na usilazimishe kufungua kabla mvuke haujaisha.

Ladha? Nitasema kweli, maharage ya presha yanaiva lakini mchuzi wake mwepesi, hauna ule uzito wa sufuria ya mkaa. Mimi nikifungua namenya vitunguu, naunga kwenye sufuria ya kawaida, naponda upawa mmoja wa punje kurudishia, yanatokota dakika 20 bila mfuniko. Hapo rojo linakuja.

Aliye na umeme wa uhakika afikirie presha ya umeme. Ya dada yangu, niliangalia luku kabla na baada, hata uniti moja haikuisha kwa nusu kilo.

bint_Pangani
Naomba nizungumzie kikapu maana ninacho na nakipenda, ila kuna jambo lazima lisemwe kwa sauti.

Kikapu changu ni kile kikubwa cha ukindu, ndani nimeshona mto wa pamba na vipande vya khanga, juu mto mwingine wa kufunikia. Unachemsha maharage, unayaondoa jikoni na sufuria yake yakiwa yanatokota, unayafunika. Unaenda shamba, unaenda msibani, ukirudi baada ya saa nne au tano yameiva na mchuzi mzito. Mkaa unatumia robo.

Sasa jambo lenyewe. Mwaka wa kwanza nilikuwa na haraka, nikachemsha maharage mekundu dakika chache tu, hata hayajatokota vizuri, nikayatia kikapuni. Jioni yalikuwa laini kwa kuguswa, tukala. Baada ya saa mbili nyumba nzima tunatapika, mdogo wangu tukampeleka zahanati. Nikadhani mafuta yameharibika. Pale ndipo nikaelezwa kwamba maharage, hasa mekundu, yana sumu yake ya asili, na dawa yake ni mchemko wa nguvu peke yake. Kwenye joto la chini ya nyuzi 80 sumu haifi, na punje nne tano mbichi zinatosha kumtapisha mtu mzima.

Kwa hiyo mwenye kikapu: loweka angalau saa tano, mwaga maji hayo, weka mapya, yachemke kwa nguvu yakirukaruka. Dakika 10 ndiyo kiwango cha chini. Mimi sasa naenda nusu saa kamili kwa saa ya simu, ndipo nayafunika. Dada wa Makorora, una watoto watatu, tafadhali hili usilipuuze.

Na maharage makuukuu kikapu hakiyawezi. Hilo nakubali.

MamaWatatu_Makorora
Bint Pangani, ahsante sana, umenishtua. Mimi nilijua ni gesi ya tumbo tu. Kwa hiyo zile punje zenye kiini nilizowapa jana… Alhamdulillah hakuna aliyeumwa, yalikuwa yametokota mchana kutwa.

Msambaa, nimeuliza dukani. Muuzaji anasema gunia alilikuta alipokabidhiwa duka, kabla ya Ramadhani iliyopita. Na maji je? Kisima kina shida?

Msambaa_wa_Soni
Kina shida kubwa. Maji yenye chokaa na chumvi za ardhini tunayaita maji magumu. Ile chokaa inashikana na utando unaounganisha punje, inakuwa kama saruji. Kama mnapata maji ya bomba yanayotoka bwawa la Mabayani, pikia hayo, ya kisima fulia.

Ila chumvi ya mezani ni kinyume chake, na hapa wengi wanabisha. Weka kijiko kimoja cha chakula kwa lita mbili za maji ya KULOWEKEA. Asubuhi mwaga, suuza, pika kwa maji mapya. Ganda linalainika na halipasuki ovyo. Jaribu mwenyewe.

Nazi_Ngamiani
Wanangu, naona mnazungumza dakika na nyuzi, na mimi niseme ya jikoni.

Maharage ya nazi hayapikwi kwa presha mpaka mwisho. Chemsha kwa chombo unachotaka, lakini kuunga ni sufuria, moto wa pole, na macho yako yakiwa hapo. Nazi unakuna, unakamua tui zito unaliweka pembeni. Chicha unairudishia maji ya vuguvugu, unakamua tui jepesi mara ya pili na ya tatu. Maharage yaliyoiva unayaunga na kitunguu, nyanya, bizari kidogo, kisha tui jepesi ndilo linalotokota nayo muda mrefu. Tui zito linaingia mwisho, unakoroga upande mmoja bila kuacha, likianza kupanda unashusha. Ukifunika au ukiondoka kwenda kuzungumza na jirani, tui linakatika, unabaki na mafuta juu na maji chini.

Halafu kwa nini maharage tu? Mbaazi za nazi kwa maandazi asubuhi, kunde, choroko. Kunde na choroko zinaiva upesi, choroko hata usipoloweka. Mwenye uhaba wa mkaa azipishanishe na maharage, atapumzika siku mbili kwa wiki.

Na magadi kidogo tu, ncha ya kisu, yanasaidia yaliyogoma. Mama yangu alifanya hivyo.

Muuguzi_Mstaafu
Shikamoo bibi. Kwa heshima zote, magadi yanalainisha kweli, ila yanaharibu vitamini B1, na yakizidi chakula kinakuwa na ladha ya sabuni. Yawe ya dharura, yasiwe ya kila siku.

La pili, watu wetu tunakula mbaazi na chai ya rangi papo hapo. Chai inazuia madini ya chuma ya mbaazi yasiingie mwilini. Kwa mjamzito na watoto, chai ingoje saa moja au zaidi, badala yake chungwa. Muheza yapo tele.

Nazi_Ngamiani
Marahaba mwanangu. La chungwa nimelipokea.

Dukani_Mgandini
Nauza nafaka sokoni Mgandini, niwasaidie kuchagua, maana muuzaji mwingine hatakwambia.

Rosikoko mpya rangi yake ya chini ni krimu, michirizi imekolea. La zamani krimu imegeuka kahawia kama chai ya maziwa iliyokaa. Ya njano nayo yanafifia na kuwa na rangi ya kutu. Mekundu yanadanganya, rangi haikuonyeshi haraka; hayo chukua kiganja, yapeleke nyumbani, loweka usiku. Punje zilizobaki ndogo na ngumu asubuhi zikiwa nyingi, usirudi duka hilo. Msichanganye mapya na ya zamani kwenye sufuria moja, haya yatakuwa uji wakati yale yanakungoja.

Mzigo mpya kutoka milimani unashuka mwezi wa sita na wa saba baada ya masika, na mwingine mwanzoni mwa mwaka baada ya vuli. Hapo ndipo nunua ya miezi mitatu kwa pamoja. Yahifadhi kwenye dumu kavu lenye kifuniko cha kubana, lijae hadi shingoni ili hewa isibaki. Fukusi wakikosa hewa wanakufa humo humo. Lakini kwanza yawe makavu. Chukua chupa ya kioo kavu, tia maharage na chumvi kavu kijiko, tikisa, acha robo saa. Chumvi ikiganda kwenye kioo, yarudishe juani. Ikidondoka chini yote, yapeleke dumuni.

MamaWatatu_Makorora
Nimerudi baada ya wiki, nimefanya kama mlivyosema, nieleze.

Jumapili nilichukua maharage yale yale ya zamani, nikagawa vikombe viwili. Kimoja maji ya kisima, kingine maji ya bomba na chumvi ya kulowekea kama alivyosema Msambaa. Sufuria mbili ndogo, majiko mawili pamoja. Ya bomba yalifika pa kulika baada ya saa mbili na nusu. Ya kisima niliyaacha saa tatu na nusu, bado yana chaki. Niliita hadi jirani mwenye kisima aje aone, akabonyeza mwenyewe kwa kidole.

Jumanne nikaenda Mgandini, nikachagua rosikoko yenye krimu. Nimeloweka, nimemwaga, maji ya bomba, yakatokota kwa nguvu nusu saa, kisha nikapunguza mkaa na kufunika. Saa moja na dakika arobaini, mkaa wa kupakia mara moja tu. Mume wangu aliuliza nimeweka nini humo.

Kwa hiyo uamuzi wangu: kikapu nashona mwenyewe wiki hii, ukindu nimeshapata, kitatumika miezi ya maharage mapya. Pesa naweka ya presha, kwa sababu ikifika mwezi wa nne na wa tano sokoni yamebaki ya zamani na kikapu hakitaniokoa. Mkaa unabaki kwa kuunga nazi. Presha_Chumbageni, nitakuuliza ukubwa wa lita ngapi kwa watu sita.

Presha_Chumbageni
Lita saba, dada. Ya lita tano ukikumbuka sharti la nusu, haitawatosha.

MamaWatatu_Makorora
Ahsante. Bibi wa Ngamiani, Ijumaa napika mbaazi za nazi nusu kilo. Nazi moja inatosha?

Nazi_Ngamiani
Mbili, mwanangu. Ziwe zilizokomaa, utikise usikie maji yakicheza ndani. Na tui la kwanza usilitie maji kabisa, likamue lilivyo.