Tupeane uzoefu: saa ya kompyuta inapokosa mabadiliko ya saa za majira ya joto

Mwanzilishi wa uzi

Wanajamvi, salaam. Nafungua uzi huu kwa ajili ya wanaoishi katika nchi zinazosogeza saa mbele na kuirudisha nyuma kila mwaka, pamoja na wanaohudumia mitambo iliyoko huko. Kila msimu huo unapofika, swali huwa lilelile: simu imebadilika yenyewe, mbona kompyuta iliyo pembeni yake inakosea kwa saa nzima? Naomba kila mmoja aeleze kilichomtokea, chanzo alichokigundua na hatua alizochukua.

Nitangulize jambo moja ninaloliona kuwa ndilo kiini cha tatizo hili: tusisogeze saa kwa mkono kabla ya kujua kasoro iko wapi. Mfumo wa kompyuta huhesabu muda kwa UTC, saa ya pamoja ya dunia isiyobadilika kwa majira. Saa tunayoiona kwenye kona ya skrini hupatikana kwa kuongeza au kupunguza tofauti ya ukanda wa saa tuliouchagua, kwa kufuata kanuni za ukanda huo. Saa isipobadilika, mara nyingi muda wenyewe ni sahihi, na kilichoharibika ni ukanda au kanuni zake. Ukiivuta kwa mkono, skrini itaonekana sawa ilhali UTC iliyo ndani imepotoka kwa dakika 60, na katika mitandao ya ofisi inayotumia Kerberos, mfumo wa kuthibitisha watumiaji ambao kwa kawaida huvumilia tofauti ya dakika 5 tu, watu wataanza kukataliwa kuingia kwenye akaunti zao.

Pia seva za NTP, zile zinazosawazisha saa kupitia intaneti, huleta UTC peke yake. Hazibebi habari yoyote ya ukanda wala ya majira. Ndiyo sababu mtu husogeza saa asubuhi, kisha akirudi anaikuta iko palepale pa zamani: usawazishaji umefanya kazi yake vizuri, ila ukanda bado una kasoro.

Mchangiaji mwenye mifumo miwili

Ahsante kwa uzi huu, Mkuu. Kompyuta yangu ina Windows na Linux kwenye diski moja, na kwa muda mrefu kila nilipotoka mfumo mmoja kwenda mwingine saa ilikuwa inaruka. Chanzo ni kwamba Windows huandika saa ya mahali ulipo kwenye saa ya ubao mama (bodi kuu ya kompyuta), wakati Linux huichukulia saa hiyohiyo kuwa ni UTC. Wapo wanaoshauri kuilazimisha Linux nayo itumie saa ya mahali, lakini mimi sikubaliani nao hata kidogo, kwa sababu siku ya mabadiliko kila mfumo unaweza kudhani ndio wenye jukumu la kusogeza saa, na saa ikajikuta imesogezwa mara mbili.

Nilichofanya ni kuifanya Windows iheshimu UTC. Unafungua kihariri cha rejista (hifadhi ya mipangilio ya Windows), unakwenda HKEY_LOCAL_MACHINE\SYSTEM\CurrentControlSet\Control\TimeZoneInformation, unaongeza thamani ya aina ya DWORD (yaani namba) yenye jina RealTimeIsUniversal na kuipa 1. Upande wa Linux niliandika `timedatectl set-local-rtc 0`, kisha nikawasha upya. Tangu hapo mabadiliko ya Machi na ya Oktoba yamepita bila mimi kugusa kitu.

Mhudumu wa kompyuta ofisini

Kwetu chanzo kilikuwa ukanda uliochaguliwa kwa haraka. Katika orodha ya Windows kuna mstari wa Dublin, Edinburgh, Lisbon na London, na kuna mwingine wa Monrovia na Reykjavik. Yote miwili imeandikwa UTC+00:00, na majira ya baridi yote miwili huonyesha saa ileile, kwa hiyo kosa hujificha hadi Jumapili ya mwisho ya Machi. Hapo London husogea mbele na Reykjavik hubaki ilipo, kwa kuwa Iceland haibadilishi saa.

Baadhi ya wenzetu walikuwa wameshaisogeza saa wenyewe kabla sijafika, na mialiko yao ya mikutano ikawa inawafikia wengine ikiwa na kosa la saa moja. Ilinibidi kwanza nirudishe ukanda sahihi, nihakikishe swichi ya kurekebisha saa za majira ya joto kiotomatiki imewashwa, ndipo niandike `w32tm /resync` ili UTC nayo inyooke. Ndugu zangu wanaoandaa kompyuta nyingi kwa nakala moja ya mfumo, tafadhali kagueni ukanda kwenye nakala mama, maana kosa la mashine moja husambaa kwa zote.

Fundi wa vifaa

Nami naongeza kwa ufupi. Ikiwa saa inarudi nyuma kila unapozima mashine na kuchomoa waya wa umeme, hilo si suala la majira. Ni betri ya ubao mama, aghalabu CR2032 ya volti 3. Ibadilishe kwanza.

Msimamizi wa seva

Uzoefu wangu unahusu kanuni zenyewe, na hapa ndipo naona watu wengi hawatazami. Mwezi Oktoba 2018 Moroko iliamua kubaki kwenye UTC+1, na uamuzi huo ulitoka siku mbili tu kabla ya Jumapili ambayo saa ingerudishwa nyuma. Seva niliyokuwa nikiihudumia ilipata kanuni mpya za tzdata (mkusanyiko wa kanuni za kanda za saa za dunia), toleo 2018g, na amri ya `date` ikatoa saa sahihi. Hata hivyo, programu iliyoandikwa kwa lugha ya Java iliyokuwa humo iliendelea kuandika kumbukumbu zake kwa saa ya zamani.

Sababu ni kwamba Java hubeba nakala yake ya kanuni za saa na haisomi ile ya mfumo. Inahitaji kusasishwa yenyewe au kutumiwa zana ya tzupdater, kisha programu iwashwe upya. Tangu wakati huo huandika `zdump -v Africa/Casablanca` na kusoma tarehe za mabadiliko mstari kwa mstari, halafu nauliza kila programu kubwa inasoma kanuni kutoka wapi.

Mchangiaji mwingine

Je, kwa mashine kuukuu isiyopata masasisho tena? Yangu iko Marekani, inabadilika, lakini kwa kuchelewa wiki kadhaa.

Mwanzilishi wa uzi

Ndugu yangu, kuchelewa huko kunaonyesha kwamba ukanda wako ni sahihi na swichi imewashwa, ila kanuni ni za kale. Hadi mwaka 2006 Marekani ilikuwa ikisogeza saa Jumapili ya kwanza ya Aprili na kuirudisha Jumapili ya mwisho ya Oktoba. Kuanzia 2007, kwa sheria ya nishati ya 2005, ni Jumapili ya pili ya Machi hadi Jumapili ya kwanza ya Novemba. Mashine isiyojua badiliko hilo hukosea wiki tatu au nne mwanzoni na wiki moja mwishoni. Kama ni Linux, unaweza kuchukua mafaili ya kanuni mapya na kuyatafsiri kwa amri ya `zic` bila kubadilisha mfumo mzima. Kama ni Windows ya zamani, tarehe za kanuni zimo kwenye rejista na zinaweza kuhaririwa. Hifadhi nakala ya rejista kabla ya kuigusa.

Kama mashine hiyo ina kazi zinazojiendesha usiku, ziondoe kwenye saa 8 hadi saa 9 usiku, kwa kuwa huko Marekani saa hiyo moja hurukwa mwezi Machi, na mwezi Novemba ni ile iliyo kabla yake, saa 7 hadi saa 8, inayojirudia. Mimi huzipanga kazi hizo zote kwa UTC.