Je, maziwa yanatujenga au yanatudhuru? Naona tunauliza swali nusu

Mleta mada:

Ndugu zangu, kuna kauli mbili kuhusu maziwa ambazo nimezisikia kwa muda mrefu, na kila moja inasemwa kwa uhakika unaonitia wasiwasi. Ya kwanza hurudiwa kila mwaka inapokaribia tarehe 1 Juni, Siku ya Maziwa Duniani: kwamba kila mmoja wetu anapaswa kunywa lita 200 za maziwa kwa mwaka, na kwamba Watanzania tuko nyuma kwa kuwa hatufiki hata nusu ya kiwango hicho. Ya pili inazunguka kwenye simu zetu: kwamba hakuna mnyama mwingine anayeendelea na maziwa baada ya kuachishwa ziwa, kwa hiyo maziwa ya ng'ombe ni ya ndama, na binadamu anayeyanywa anajitafutia saratani, mifupa dhaifu na ugonjwa wa moyo.

Mimi si daktari. Nimefundisha biolojia sekondari kwa zaidi ya miaka ishirini. Msimamo wangu nauweka wazi mapema ili anayetaka kuupinga aupinge. Naamini maziwa yana faida kubwa kwa mtoto ambaye sahani yake haina kitoweo, yana faida ndogo kwa mtu mzima anayekula dagaa, maharage na mboga za majani, na kwamba madhara mengi tunayoyaona hapa kwetu hayatokani na maziwa yenyewe bali na hali yanayokuwa nayo yanapofika mezani.

Nianze na tumbo, maana ndilo linalowafanya wengi wayahukumu maziwa. Nilipokuwa bweni, Jumapili asubuhi tulipewa kikombe cha maziwa freshi, na haikupita saa mbili kabla tumbo langu halijaanza kuunguruma na kujaa gesi, nami nikawa mtu wa kwenda na kurudi chooni. Rafiki yangu aliyetoka katika familia ya wafugaji alikunywa cha kwake, akamalizia na changu, asihisi lolote. Ajabu ni kwamba nyumbani nilikuwa nakunywa bakuli zima la mtindi na kulala salama. Sababu niliielewa baadaye. Maziwa yana sukari iitwayo laktosi, ambayo humeng'enywa na kimeng'enya kiitwacho laktezi, na takriban theluthi mbili ya watu wazima duniani hupungukiwa na kimeng'enya hicho baada ya utoto. Katika mtindi, bakteria wamekwisha kuila sehemu ya laktosi hiyo kabla haijatufikia. Hali hii si ugonjwa, wala si mzio wa protini ya maziwa, ambao ni jambo jingine na unaweza kuwa wa hatari.

Mwaka 2007 mtaalamu wa vinasaba Sarah Tishkoff na wenzake walichapisha utafiti wa watu 470 wa makabila 43 ya Tanzania, Kenya na Sudan. Walionyesha kwamba wafugaji wengi wa eneo letu wana mabadiliko ya vinasaba yanayowawezesha kumeng'enya laktosi hata wakiwa watu wazima, na kwamba mabadiliko hayo si yale ya watu wa Ulaya, bali yalizuka huku huku kwetu maelfu ya miaka iliyopita, pamoja na ufugaji wenyewe. Naomba tulitafakari jambo hili kwa makini, kwa sababu linaziangusha kauli zote mbili kwa pamoja. Hoja ya ndama haisimami mbele ya jamii ambazo miili yao imebadilika kwa sababu ya maziwa, na hoja ya lita 200 kwa kila mtu inazungumza kana kwamba sote tuna tumbo moja.

Sasa tuje kwa watoto. Mwishoni mwa miaka ya 1990, Charlotte Neumann na wenzake, wakiwemo watafiti wa Chuo Kikuu cha Nairobi, walifanya jaribio katika shule 12 za msingi huko Embu, Kenya. Watoto walizoea kula chakula cha mahindi na maharage, chenye nyama au maziwa kwa nadra sana. Shule ziligawanywa kwa kura: baadhi zilipewa githeri, yaani mahindi na maharage yaliyopikwa pamoja, iliyoongezwa mafuta, nyingine githeri na nyama, nyingine githeri na glasi ya maziwa, na nyingine hazikupewa chakula cha ziada. Naupenda utafiti huu kwa sababu hapa hatuulizi watu wanakunywa nini kisha tukakisia. Hapa watoto walipewa chakula wakafuatiliwa. Upungufu wa vitamini B12, uliokuwa umeenea miongoni mwao, ulipungua kwa waliopata nyama na kwa waliopata maziwa. Watoto waliokuwa wamedumaa waliongezeka urefu zaidi walipopewa maziwa. Lakini katika mtihani wa kufikiri na kutatua mafumbo, waliong'ara ni watoto wa nyama. Wale wa maziwa hawakuipata faida hiyo. Maelezo yanayotolewa ni kwamba maziwa yana madini ya chuma na zinki kidogo sana, na kalsiamu yake pamoja na protini yake vinaweza hata kupunguza ufyonzwaji wa chuma kinachotoka katika vyakula vingine.

Kwa hiyo maziwa humsaidia mtoto wa mlo finyu, ila hayamtoshi peke yake. Na hapa ningependa tuwe wakweli juu ya kile tunachokiita maziwa. Katika nyumba nyingi za mijini, mtoto hupata maziwa kwa njia ya chai: robo kikombe cha maziwa, maji, majani yaliyochemka hadi yakakolea, na sukari vijiko vitatu. Majani ya chai nayo huzuia ufyonzwaji wa chuma. Mama anayempa mtoto wake kikombe hicho asubuhi na jioni akiamini amempa maziwa anadanganyika, na si kosa lake, kwa sababu katika kampeni zote nilizozisikia sijasikia hata mmoja akimwambia.

Kuhusu watu wazima, nitapita haraka kwa sababu ushahidi wenyewe unavutana. Wanaoyapinga maziwa huutaja utafiti wa Sweden wa mwaka 2014, uliowafuatilia wanawake 61,433 na wanaume 45,339. Waliokunywa glasi tatu au zaidi kwa siku walikufa kwa wingi zaidi kuliko waliokunywa chini ya moja, na wanawake miongoni mwao walivunjika nyonga mara nyingi zaidi. Wanaousambaza huacha kusema kwamba katika utafiti huo huo mtindi na jibini viliambatana na matokeo ya kinyume. Wanaoyatetea nao huutaja utafiti wa mwaka 2018, wa watu 136,384 katika nchi 21, Tanzania ikiwemo, ulioona kwamba waliotumia vyakula vya maziwa zaidi ya mara mbili kwa siku walikuwa na vifo vichache na maradhi machache ya moyo. Lakini anayeweza kununua maziwa kila siku ndiye pia anayeweza kulipia hospitali, na watafiti hujitahidi kulitenganisha hilo bila kufanikiwa kikamilifu. Kwa mtu mzima mwenye mlo mzuri sioni dawa hapo, wala sioni sumu. Glasi moja ina kalsiamu ya takriban miligramu 300, lakini dagaa wakavu wanaoliwa na mifupa yao wanayo kwa wingi, na sukuma wiki inayo kwa namna ambayo mwili huifyonza vizuri. Mchicha unayo pia, ila una oksaleti inayoishikilia, hivyo tusiutegemee kwa mifupa.

Ninaloliogopa hasa ni hili. Shemeji yangu aliugua homa zilizokuja na kuondoka kwa miezi minne, akitokwa jasho usiku na kuumwa mgongo hadi akashindwa kuinama kufunga viatu. Alitibiwa malaria mara tatu na taifodi mara mbili. Mwishowe daktari mmoja kijana alimuuliza swali ambalo hakuna aliyekuwa amemuuliza, kama anakunywa maziwa mabichi. Alikuwa anayanywa kila jioni, yakiwa bado na joto la kiwele, kwa imani kwamba kuyachemsha kunaua nguvu yake. Ilikuwa brusela, ugonjwa wa bakteria ambao binadamu huupata kutoka kwa mifugo, na tiba yake ilichukua wiki sita. Utafiti uliofanywa katika hospitali mbili za Moshi mwaka 2007 na 2008 ulionyesha kwamba wengi wa wagonjwa waliolazwa kwa homa na kudhaniwa wana malaria hawakuwa nayo, na brusela ilikuwa mojawapo ya magonjwa yaliyokuwa yamejificha nyuma ya jina hilo. Kifua kikuu cha ng'ombe nacho hupitia njia hiyo hiyo. Vyote viwili huuawa na sufuria na moto.

Mchangiaji wa kwanza:

Mwalimu, nakuheshimu, lakini mimi ni mtoto wa wafugaji kutoka Monduli na kuna mahali umetuonea. Unasema faida kwa mtu mzima ni ndogo. Babu zetu waliishi kwa maziwa tangu utoto hadi uzee, na watu walipokuja kuwapima hawakukuta walichokitarajia. Mwaka 1964 daktari wa Marekani, George Mann, alichapisha matokeo ya uchunguzi wake kwa wanaume wa Kimaasai ambao chakula chao kilikuwa maziwa na nyama, akakuta lehemu (kolesteroli) katika damu yao iko chini na dalili za ugonjwa wa moyo ni chache mno. Ungetuambia nini kuhusu hao? Pili, kuhusu brusela, lawama umeielekeza kwa anayekunywa. Ng'ombe anayetupa mimba leo, ambayo ni dalili mojawapo ya ugonjwa huo, maziwa yake yanauzwa kesho, kwa sababu mfugaji hana mtu wa kumpimia mifugo na mnunuzi haulizi kitu zaidi ya bei. Tatu, mtindi wetu wa kwenye kibuyu hautengenezwi kwa maziwa yaliyochemshwa, kwa kuwa yakichemshwa hayagandi inavyopaswa. Ukituambia tuchemshe, tuambie pia tufanyeje ili mtindi ubaki kuwa mtindi.

Mchangiaji wa pili:

Naandika kutoka Nakuru. Mimi ni mmoja wa watoto walioyanywa maziwa ya Nyayo, mpango wa shule ulioanza mwaka 1979 chini ya Rais Moi, na bado naikumbuka ile pakiti ya pembe tatu tuliyoing'ata kwa meno. Sina shaka kwamba iliwaleta shuleni watoto ambao wangebaki nyumbani. Swali langu ni moja. Mwalimu anasema moto unatosha, lakini sumukuvu haiuawi na moto. Ng'ombe akila chakula chenye ukungu, sumu hiyo hupita hadi kwenye maziwa, na maziwa ya pakiti nayo hayajasalimika. Hilo mbona hukuligusa?

Mleta mada anajibu:

Nawashukuru nyote wawili, na mahali nilipoteleza nakubali.

Ndugu wa Monduli, kazi ya Mann ni ya kweli, na ina sehemu ya pili ambayo hutajwa mara chache. Mwaka 1972 yeye na wenzake waliandika kuhusu mioyo ya wanaume 50 wa Kimaasai waliochunguzwa baada ya kufa, na walikuta mafuta yameganda katika kuta za mishipa, karibu kama kwa wazee wa Marekani. Ila mishipa yenyewe ilikuwa mipana, na damu ilipata nafasi ya kupita. Maelezo yao yalikuwa kwamba ni kutembea, umbali mrefu kila siku nyuma ya mifugo. Kwa hiyo siwezi kumpa jirani yangu wa Dar es Salaam, anayeshinda kwenye kiti na kurudi nyumbani kwa gari, ushahidi wa mtu aliyetembea kutwa nzima. Lakini umenisahihisha kwa jambo moja: niliposema mtu mzima anapata faida ndogo nilikuwa na mtu wa mjini kichwani. Kwa mfugaji ambaye kiangazi hakimwachii mboga wala samaki, maziwa ndiyo mlo wenyewe, na neno "faida ndogo" halimhusu. Kuhusu lawama ya brusela umesema kweli pia; chanjo ya ndama na upimaji wa mifugo ni kazi ya serikali kabla ya kuwa kazi ya sufuria ya mama.

Mtindi wa maziwa yaliyochemshwa unawezekana, na mama yangu ameufanya maisha yake yote. Huyachemsha hadi yafure mara mbili, huyaacha yapoe mpaka kidole kivumilie ndani yake bila kuungua, ndipo huongeza vijiko viwili vya mtindi wa jana, hukoroga, hufunika kwa kitambaa na kuliweka chombo pembeni mwa jiko usiku kucha. Maziwa yaliyochemshwa hushindwa kuganda yenyewe kwa sababu bakteria wake wa asili wamekufa. Ukiwarudishia wengine wazuri, hufanya kazi ile ile. Kibuyu kinaweza kuendelea kutumika, mradi kikaushwe vizuri na kufukizwa kama mlivyozoea.

Ndugu wa Nakuru, hapo nilikosea kusema kwa ujumla kana kwamba moto ni jibu la kila kitu. Sumukuvu huzuiwa kwenye ghala na kwenye hori. Nimeona kwa macho yangu mahindi yaliyooza, ambayo mwenye nyumba aliona hayafai kwa ugali, yakimwagiwa ng'ombe wa maziwa ili yasipotee bure, na mashudu ya alizeti yaliyokaa kwenye unyevu hadi yakaota ukungu yakiuzwa kwa bei ya chini na kugombaniwa. Mabaki ya dawa za antibayotiki ni vivyo hivyo, hayaondoki kwa kuchemsha. Huondoka mfugaji akikubali kuyamwaga maziwa kwa siku alizoelekezwa na mtaalamu, na sijui ni nani anayemfidia hasara ya siku hizo.

Sasa nina swali kwa walimu wenzangu na wazazi ambao shule zao zinawapa watoto maziwa. Yanatoka kwa nani, nani anayapima, yanachemshiwa wapi, na mtoto anayapata kama maziwa, kama mtindi au kama chai? Na pamoja nayo, anakula nini?