Naomba ushauri: milima ya Usambara haitaki kukaa mbali kwenye picha yangu ya rangi za maji

Mwana_wa_Vuga
Wakuu, habari za jioni. Naishi Korogwe. Nyuma ya nyumba kuna shamba la mkonge, na mbali zaidi, upande wa kaskazini magharibi, imesimama milima ya Usambara. Huko juu, Vuga, ndiko alikozaliwa mama. Miguu haimruhusu kupanda tena, kwa hiyo kila asubuhi hukaa uani akaitazama.

Mwezi uliopita nilijiwekea sharti: niichore mara 20 kwa rangi za maji, kutoka pale pale anapokaa, mpaka nipate picha moja ya kumtundikia chumbani. Sijafundishwa kuchora. Nina boksi la rangi 12, brashi tatu na karatasi za manila.

Nimefika ya 6 na nimekwama. Kila nikichora, milima inakuja mbele na kusimama kama ukuta nyuma ya mkonge. Nimeipunguza ukubwa, haikusaidia. Tena karatasi ikilowa inafanya mabonde, rangi inakimbilia humo na kukauka kwa madoa. Nimeweka picha mbili hapo chini. Anayejua anisaidie.

Brashi_Nene
Mkuu, nianze na karatasi. Manila haikutengenezwa kunywa maji. Tafuta karatasi ya rangi za maji yenye uzito wa gramu 300 kwa mita ya mraba. Ya pamba ndiyo bora, lakini hata ile ya kawaida ya uzito huo itatulia. Ukipata ya gramu 200 au chini ya hapo, ilowanishe yote, itandaze juu ya ubao, bandika kingo zote nne kwa tepu ya karatasi ile ambayo gundi yake huamshwa kwa maji, uiache usiku kucha. Ikikauka inajivuta kama ngozi ya ngoma, na ukipaka rangi haitainuka sana. Usiibandue mpaka picha nayo imekauka.

Fundi_wa_Hadibodi
Mimi nimekulia kwenye uchoraji wa Tingatinga. Kule tunatumia rangi ya kung'aa ya makopo juu ya hadibodi. Ukikosea unasubiri ikauke, unapaka juu yake, kosa limezikwa. Nilipohamia rangi za maji nilihangaika sana kuiacha tabia hiyo, kwa sababu rangi hii haifuniki, inapitisha mwanga. Weupe wako ni karatasi yenyewe.

Kwenye picha ya pili naona umepaka nyeupe juu ya mlima ili kutengeneza ukungu, ndiyo maana pamekuwa kama chokaa. Ukungu unauacha tangu mwanzo. Anza na kilicho hafifu kuliko vyote: anga, kisha mgongo wa mlima ulio mbali kabisa. Acha ukauke. Halafu mgongo unaofuata kwa rangi nzito kidogo, hivyo hivyo mpaka ufike kwenye mkonge.

Mwl_Mstaafu_Soni
Mwanangu, nimekaa na picha zako kwa muda. Umechora migomba. Umechora matuta ya mashamba. Umechora paa la bati linalong'aa. Ukikaa hapo Korogwe, unauona mgomba wa Vuga? Huuoni, unaujua. Mkono wako unachora ulivyoviona ulipokuwa ukipanda kwa bibi yako, na jicho limeachwa nyuma. Hicho ndicho kinachouvuta mlima mbele, kwa sababu kitu ambacho majani yake yanaonekana hakiwezi kuwa mbali.

Fanya hivi. Chukua kipande cha karatasi nyeupe, toboa tundu la ukubwa wa punje ya harage. Nyoosha mkono, funga jicho moja, tazama mlima kupitia tundu hilo, kisha sogeza utazame mkonge. Mlima uliokuwa ukiuita wa kijani utauona wa kijivu chenye samawati, tena hafifu sana. Sababu ni hewa. Kati yako na Vuga kuna kilomita nyingi za hewa, na hewa hutawanya mwanga wa bluu zaidi kuliko mwekundu. Ule uliotawanyika unaingia kati ya jicho na mlima kama pazia. Leonardo da Vinci aliwaandikia wachoraji karne tano zilizopita kwamba kadiri mlima unavyokuwa mbali ndivyo uongezewe bluu.

Lakini usiikariri hiyo bluu. Mvua ikinyesha usiku, asubuhi hewa imeoshwa, mlima unasogea mpaka unahesabu makorongo. Kiangazi, watu wakichoma mashamba, unageuka rangi ya majivu. Chora mlima wa siku hiyo.

Mwana_wa_Vuga
Shikamoo mwalimu. Hilo la mgomba limenigusa, nimelisoma mara tatu. Asubuhi nimetazama kwa tundu: mgongo wa mwisho ulikuwa karibu sawa na anga! Sasa rangi hiyo naichanganyaje? Bluu ya boksi ikitoka moja kwa moja ni kali mno. Na mstari wa juu wa mlima niuache mkali au niufifishe?

Brashi_Nene
Chukua bluu ya altramarini, ongeza siena ya kuchomwa kidogo kidogo mpaka ukali uzimike. Huna siena, tumia kahawia uliyo nayo. Maji yawe mengi, na ujaribu kwanza pembeni, uache ikauke, maana rangi hizi zikikauka hupauka kuliko ulivyoziona zikiwa mbichi. Mstari wa juu mimi huufifisha.

Mwl_Mstaafu_Soni
Marahaba mwanangu. Hapo kwenye mstari sikubaliani na Brashi. Upande ule wa Usambara ni magenge, si vilima vya mviringo. Juu pawe safi, fifisha chini, mlima unapokutana na tambarare: rangi ikiwa bado mbichi, pitisha brashi safi yenye maji kwenye ukingo wa chini. Ukungu wa asubuhi hulala bondeni. Siku wingu likikaa kileleni, hapo fifisha juu.

Fundi_wa_Hadibodi
Na ukishapaka, ondoa mkono. Yale madoa yenye kingo za kuchanuka hutokea ukirudisha brashi yenye maji mahali palipoanza kukauka. Mng'ao wa maji ukishapotea, usiguse.

Mwana_wa_Vuga
Wakuu, mrejesho. Hii ni ya 11. Karatasi ya gramu 300 nimeipata Tanga mjini, moja nimeikata vipande vinne. Nimechora saa 12 na nusu asubuhi. Migongo mitatu tu, hakuna mgomba, hakuna bati. Mkonge nimeupiga kwa brashi karibu kavu, na mlingoti mmoja wa mkonge umeukata mstari wa mlima. Milima imerudi nyuma. Asanteni sana.

Mama aliishika karibu na dirisha akaniuliza nyumbani ni wapi. Nikamwonyesha mgongo wa katikati. Akasema hapana, ni kushoto zaidi, pale panapoingia kama kwapa. Nimetazama tena kwa tundu, kweli pana mkunjo ambao sikuwahi kuuona. Mkunjo hafifu namna hiyo napaka tabaka la chini likiwa bichi au limekauka?

Mwl_Mstaafu_Soni
Likauke kabisa. Tumia rangi ile ile ya mgongo huo, uiongeze maji, upake mara moja bila kurudia. Na mama akae karibu nawe wakati unaupaka, akuonyeshe mkunjo unapoanzia.