Tupeane uzoefu: homa ya mafua iliyofika kwenye ubongo au mishipa ya fahamu

Mwanzisha mada: Ndugu zangu, naomba tuliopitia haya tusimulie, kwani wengi hudhani homa ya mafua huishia kifuani. Mume wangu, mwenye miaka 52 na asiye na maradhi mengine, alianza kukohoa Jumatatu asubuhi. Usiku wa Jumatano nilimkuta akipapasa kabati la nguo akitafuta kitasa cha mlango, na nilipomwita alinijibu kwa adabu, kama anayemjibu mgeni. Ningesema anaweweseka kwa joto, lakini kipimajoto kilisoma nyuzi 37.8 tu, na hilo ndilo lililonitoa nyumbani. Hospitalini maji ya uti wa mgongo yalionekana safi, nami nikafurahi mapema mno, kwa maana daktari alieleza kwamba mara nyingi kirusi chenyewe hakionekani humo, na kinachouvuruga ubongo huweza kuwa kinga ya mwili iliyochachamaa. Jibu lilitoka kwenye kipimo cha ute wa puani. Alianzishiwa oseltamiviri, dawa ya kupambana na kirusi cha mafua, miligramu 75 mara mbili kwa siku. Hufaa zaidi ikianzwa ndani ya saa 48, ila mgonjwa aliyelazwa hanyimwi hata muda huo ukipita. Alinitambua siku ya tatu.

Mchangiaji wa pili: Pole sana, dada. Kwetu lawama iliiangukia dawa hiyo hiyo. Kaka yangu alimeza kidonge cha kwanza jioni, usiku akaanza kuona watu ukutani, na ukoo mzima ukatoa hukumu. Daktari hakutubishia, alichukua karatasi akauliza saa ya kila jambo, ndipo mama alipokumbuka kwamba asubuhi ile, kabla ya dawa yoyote, kaka alimuuliza swali lile lile mara nne. Hofu yetu ilikuwa na chanzo: mwaka 2007 Japani iliizuia dawa hiyo kwa vijana wa miaka 10 hadi 19 kutokana na taarifa za vitendo vya ajabu, kisha ikaondoa zuio mwaka 2018, kwa kuwa vitendo hivyo vilionekana hata kwa wagonjwa wasioitumia. Kichefuchefu, hicho ni cha dawa kweli, na kilipungua alipoimeza pamoja na chakula.

Mchangiaji wa tatu: Langu lilikuja nikiwa nimeshapona. Siku ya kumi ndala ilinivuka mguuni nisijue, na kesho yake ngazi zikanishinda. Ulikuwa ugonjwa wa Guillain-Barré, ambapo kinga ya mwili huishambulia mishipa ya fahamu, na dawa ya kuua kirusi haiutibu. Niliwekewa imunoglobulini, yaani kingamwili zitokazo kwenye damu ya wachangiaji, kwenye mshipa wa damu kwa siku 5, huku wakinipulizisha kifaa mara kwa mara wasije wakashtukizwa na pumzi kuniishia. Fimbo niliiacha baada ya miezi minne.

Mwanzisha mada: Ahsanteni. Mume wangu hadi leo hakumbuki chochote cha kuanzia Jumatano ile hadi Jumamosi. Je, yupo ambaye siku zake zilizopotea zilimrudia?